Kifyatulio cha Bibi Harusi Kipimwe Mkononi Mwake



Katika maswali ya mahari tunayoletewa, msimu huu lipo moja lisilohusu dhahabu, kitanda wala kabati. Binti wa Unguja anaolewa na mwalimu aliyepangiwa kazi Ikungi, mkoani Singida. Katika mahari yake ameomba upinde wa roda, ule wa kisasa wenye magurudumu mawili madogo, moja juu na moja chini, yanayozungusha kamba kama roda za kupandishia tanga. Mchumba amekubali, tena kwa bashasha, na pesa ameshatoa. Ami wa bibi harusi aliyeko Maskati ndiye atakayeununua, na pamoja nao atanunua kifyatulio, yaani kile kifaa kidogo cha kukamatia ugwe na kuuachia mshale uende. Ugomvi umeanzia kwenye kifaa hicho kidogo. Ami anataka kile cha bei kubwa wanachoshika mabingwa. Shangazi anasema vidole kumi alivyopewa na Mungu vinatosha, pesa hiyo inunuliwe vyombo. Bibi harusi mwenyewe, ambaye ndiye mwenye mkono, hajaulizwa.

Sisi rai yetu tunaitoa mapema ili asiye na muda wa kusoma aondoke nayo. Mwanafunzi wa upinde wa roda aanze na kifyatulio cha mkanda, kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono na kufyatuliwa kwa kidole cha shahada. Shina lake liweze kurefushwa na kufupishwa. Na akichague yeye, baada ya mkono wake kupimwa.

Kwanza tuwatoe wasiwasi wale wanaouliza mwanamke na upinde wapi na wapi. Kulenga shabaha si jambo la kigeni kwetu Waislamu. Mtume (S.A.W.) alihimiza kujifunza kutupa mishale, na masheikh wetu huitaja habari hiyo kila wanapofika kwenye aya ya 60 ya Suratul Anfal. Nusayba bint Kaab, Ummu Umara, radhi za Allah ziwe juu yake, imepokewa kwamba siku ya Uhud alipigana kwa upanga na kwa upinde pia. Wanaodai kwamba hijabu na upinde havikai pamoja wamtazame Zahra Nemati wa Iran. Alitwaa medali ya dhahabu ya upinde katika Paralimpiki ya London mwaka 2012 akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mtandio kichwani, kisha akatwaa nyingine Rio mwaka 2016. Kuhusu mahari, mahari ni mali ya mke. Akitaka upinde, ni upinde wake, na hata mume akitaka kuutumia itabidi aombe.

Adabu moja tu tusiisahau: kimekatazwa kiumbe hai kufanywa shabaha. Singida ni mkoa uliosifika kwa kuku wa kienyeji, na kuku hao hutembea watakavyo. Wao si shabaha. Wala upinde huu si wa kwenda nao porini, kwa sababu kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Tunazungumzia gunia lililojazwa matambara na kuegemezwa kwenye kichuguu kikubwa, basi.

Turudi kwa shangazi na vidole vyake kumi. Hoja yake ina mizizi. Katika mkoa huohuo wa Singida, wilaya ya Mkalama, wapo Wahadzabe, na wanaume wao wanavuta pinde nzito kwa vidole vitupu tangu utotoni. (Wanawake wao kazi yao ni mti wa kuchimbia mizizi, na kwa mizizi ile wanalisha kambi hata siku ambayo upinde umerudi mikono mitupu.) Lakini upinde wa Mhadzabe ni mti mmoja mrefu uliopindwa. Ukiuvuta, ugwe unafanya pembe pana, na vidole vitatu vinapata nafasi. Upinde wa roda ni mfupi. Ukiuvuta hadi mwisho, ugwe unakunjika pembe kali, na vidole vinabanwa pamoja kama nguo iliyobanwa mlangoni. Tena vidole havifunguki vyote kwa wakati mmoja. Kila kimoja kinausukuma ugwe pembeni kidogo kinapouachia, na upinde wa roda hausamehi msukumo huo, mshale unatoka ukitikisa mkia.

Kifyatulio hakishiki ugwe kwa vidole vitatu. Kinashika kitanzi kidogo cha uzi kilichofungwa katikati ya ugwe, mahali pamoja tu, na kinaachia mara moja. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Na si uvumbuzi wa juzi. Upinde wenyewe wa roda ni wa juzi: Mmarekani Holless Wilbur Allen aliuombea hataza mwaka 1966 akaipata mwaka 1969. Lakini fikra ya kuwekea kitu kati ya kidole na ugwe ni kongwe, na khasa Waislamu wameitumia kwa karne nyingi. Wapiga upinde wa Kituruki walivaa pete ya gumba waliyoiita zihgir, wakaukamata ugwe kwa pete hiyo badala ya nyama ya kidole. Pale Istanbul, kwenye jumba la makumbusho la Topkapi, zimo pete za namna hiyo zilizotengenezwa kwa mawe ya thamani, nzuri kiasi kwamba bibi harusi yeyote wa Mji Mkongwe angeziomba. Shangazi akiambiwa kwamba kifyatulio ni mjukuu wa pete, huenda akalainika.

Sasa tumsikilize na ami, maana naye hakukurupuka. Yapo makundi kama manne ya vifyatulio. Cha mkanda tumeshakitaja. Kipo cha gumba, kinachoshikwa kiganjani na kufyatuliwa kwa kitufe cha kidole gumba. Kipo cha bawaba, nacho hakina triga kabisa: unakishika, unavuta, na kinazunguka polepole kadiri misuli ya mgongo inavyokaza, mpaka kinaachia chenyewe bila wewe kujua ni sekunde gani. Na kipo cha mvuto, kinachoachia pale nguvu ya kuvuta inapozidi kipimo ulichokiweka. Ami anataka cha bawaba. Amesikia, na ni kweli wapo walimu wanaofundisha hivyo, kwamba mwanafunzi anayeanza na triga huzoea kuishtua. Anaona shabaha, anataharuki, kidole kinaruka, mshale unapotea. Tabia hiyo ikishaota mizizi humtesa mtu miaka. Cha bawaba hakimpi nafasi ya kushtua.

Tunakubaliana naye kwamba maradhi hayo yapo. Hatukubaliani na dawa.

Kifyatulio cha bawaba kinataka mwalimu amesimama ubavuni. Mwanafunzi akikizungusha mkono kidogo wakati bado anavuta, kinaachia pale pale. Nusu ya uzito wa upinde iko mkononi mwake, ngumi inarudi mdomoni, na mshale umeondoka bila kuelekezwa. Mwenye mwalimu hufundishwa kwanza kwa kamba, kisha kwa upinde mwepesi sana, kisha kwa shabaha iliyo hatua tatu mbele yake. Bibi harusi wetu atakuwa Ikungi. Atavuka bahari hadi Dar es Salaam, apande treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi lipite Manyoni, na huko anakoshuka atapokewa na mashamba ya alizeti, mawe makubwa na upepo. Nafasi ya kulenga ataipata kuliko sisi tunaopishana mabega kwenye vichochoro. Wa kumwambia “dada, mkono wako umepinda” ndiye atakayemkosa. Kwa mtu aliye peke yake, kifaa kisichoachia mpaka kidole chake mwenyewe kiguse triga ndicho kifaa cha kumpa. Anaweka kidole cha shahada nyuma ya triga, si juu yake, muda wote anapovuta. Akishatulia, na akashaona kilicho nyuma ya gunia, ndipo kidole kinakuja mbele.

Lipo na jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji. Cha mkanda kimefungwa mkononi, hakianguki. Vya kiganjani unaviweka chini ukaokote mishale, unarudi unatafuta kwenye nyasi. Kikipotea Ikungi, hupati kingine dukani kesho yake, unaandika tena Maskati.

Na dawa ya kushtua triga ipo bila bawaba. Triga isiwe laini mno. Wengi hudhani laini ndiyo bora, lakini triga inayoachia kwa kuguswa tu ndiyo inayomfundisha mtu woga. Iwe na uzito wa kutosha ili kidole kiweze kuikumbatia bila kitu kutokea. Kisha iguswe kwa kiungo cha kidole, kile cha kwanza au cha pili, isiguswe kwa ncha. Ncha ya kidole ina haraka na ina kucha. Kidole kikishajikunja kama ndoana, kinatulia hapo, na kinachofanya kazi ni mgongo: kiwiko kinakwenda nyuma taratibu, triga inakazwa na mvuto huo, mshale unaondoka. Ni fundisho lilelile la bawaba, ila mlango wa usalama uko mkononi mwa mwanafunzi.

Hapo ndipo kipimo kinapoingia, na hapo ndipo tunapomgombeza ami kwa heshima zote. Hawezi kununua kifaa hiki kwa kukisia. Vifyatulio vingi vimetengenezwa kwa kifundo cha mwanamume. Mkanda ukimpwaya binti, unateleza kuelekea kiganjani anapovuta, na uzito wote unahamia vidoleni, ilhali ulitakiwa ubebwe na kifundo. Shina likiwa refu, triga inakaa mbali na kidole kinaifikia kwa ncha, kosa lilelile tulilolikataa. Likiwa fupi, kidole kinajikunja na kubanwa. Kwa hiyo kabla ami hajaingia dukani, binti apime mzunguko wa kifundo chake cha mkono, juu ya mkono wa nguo atakayovaa. Apime pia kutoka mkunjo wa kifundo hadi kiungo cha pili cha kidole cha shahada. Aandike sentimita hizo zimfikie ami. Halafu aulize mambo mawili tu: shina linarefuka na kufupika? Mkanda una tundu la kumtosha?

Mkanda wenyewe tunashauri uwe wa bakoli, ya kufungwa kama ya kiatu, kuliko ule wa kubandika na kubandua unaolia kraa. Wa bakoli unakaa tundu lilelile kila siku, na kifyatulio kinachokaa mahali pamoja kinampeleka mshale mahali pamoja. Wa kubandua ukishashiba vumbi la kiangazi unaanza kuachia. Anayefunga na kufungua kwa ajili ya udhu adhuhuri na alasiri ataona tofauti haraka.

Anayedhani kifaa ni cha kukisia amtazame Sheetal Devi wa Jammu na Kashmir, India. Alizaliwa bila mikono. Anashika upinde wa roda kwa mguu, kifyatulio kimefungwa begani, na anakiachia kwa taya. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 17, yeye na Rakesh Kumar walipata medali ya shaba ya timu mchanganyiko kwenye Paralimpiki ya Paris. Kifaa kile kilipimwa kwa mwili wake, na sidhani kuna mtu aliyekuja kumwambia kwamba mabingwa wengine wanatumia cha namna nyingine.

Kuhusu uzito wa upinde, watu wanatishika bure. Mwanamke anayeanza anatosheka na upinde wa paundi 25 hadi 40. Paundi 40 ni kama kilo 18, na ndoo ya maji ya lita 20 inazidi hapo. Roda zina siri yake pia: ukishavuta hadi mwisho, uzito unashuka sana. Kwenye upinde unaopunguza asilimia 80, paundi 40 zinabaki 8 tu mkononi, chini ya kilo 4, na hapo ndipo unapata raha ya kutulia na kulenga. Lakini siri hiyo ina upande wa pili. Kifyatulio kikiachia kwa bahati mbaya, nguvu yote iliyojificha inatoka. Ikiwa hakuna mshale kwenye ugwe, nguvu hiyo inarudi kwenye upinde na inaweza kuuvunja na kumjeruhi aliyeushika. Upinde wa roda usiachiwe mtupu kamwe, hata kwa mzaha, hata mashoga wakija kuuona siku ya kutandika.

Sasa mavazi, maana hili hakuna maelezo ya kiwandani yanayolieleza. Mkono mpana wa baibui hunaswa na ugwe. Tunavaa nguo ya mkono wa kubana ndani, baibui la mkono mpana linasubiri mlangoni. Mtandio uingizwe ndani ya nguo kifuani na pini isikae upande wa upinde. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni unene wa mtandio. Ukishavuta, mkono wa kifyatulio hutulia chini ya taya, mahali palepale kila mara. Sisi tunapaita nanga. Leo ukivaa mtandio wa pamba uliokunjwa mara mbili, kesho shifoni, nanga imehama na mshale utakwambia. Chagua mtandio mmoja mwepesi wa mazoezi, uufunge vilevile kila siku. Mwenye nikabu ugwe utamgusa puani juu ya kitambaa, si tatizo, bora kitambaa kisiwe kinapepea.

Bangili za dhahabu zivuliwe mikono yote miwili. Ule wa kifyatulio zinazuia mkanda kukaa, na ule wa upinde ugwe ukizipiga utajuta. Pete si tatizo kubwa kwa kifyatulio cha mkanda. Kwa vile vya kiganjani, vinavyopita kati ya vidole, pete ya ndoa hubana na kuumiza. Hina haidhuru.

Na kabla ya yote hayo, jicho. Nyosha mikono mbele, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalolenga. Kama ni la kushoto, upinde ununuliwe wa kuvutwa kwa mkono wa kushoto, na asione haya. Vifyatulio vingi vya mkanda hufungika mkono wowote, lakini upinde haugeuki.

Wiki za kungoja mzigo zisipite bure. Achukue kamba imara, afunge kitanzi kirefu kinacholingana na mvuto wake: ngumi ya upinde imenyooka mbele, mkono wa kifyatulio umefika kwenye nanga. Kifyatulio kikishafika, hata kabla ya upinde, aikamate kamba hiyo nacho, afumbe macho, avute kwa mgongo mpaka triga iachie na mikono iachane. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Mwari aliye ndani anasingwa anaweza kufanya zoezi hili ukumbini bila kumsumbua mtu, na somo wake akimkuta atacheka kidogo kisha ataomba ajaribu.

Ami amwekee vyote kwenye begi la chini la ndege, kwa sababu upinde na mishale havipandi na abiria. Na huko Ikungi kifyatulio kipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, maana vumbi huingia kwenye taya zake ndogo na kuzifanya zisite kufunguka. Kikianza kusita kisiwekwe mafuta ya kupikia, yanakamata vumbi zaidi. Kisafishwe kwa mswaki laini, kijaribiwe kwanza kwenye ile kamba, na kikiachia vizuri mara kumi mfululizo ndipo kirudi kwenye ugwe.